Leuctra mezani: dondoo kabla ya kurusha dadu

Mapigano haya ya mwaka 371 KK kati ya Thebes na Sparta yaliamuliwa na kina cha safu, kwa hiyo usipange majeshi sawa kwa sawa. Kwenye mrengo wa kushoto wa Thebes, kamanda Epaminondas alipanga watu 50 kwenda nyuma. Wasparta waliomkabili walikuwa 12 tu kwenda nyuma. Sanamu hazitoshi? Panga vibao vinne vya Thebes, kimoja nyuma ya kingine, dhidi ya kimoja cha Sparta.

Mrengo wa kulia wa Thebes uwe mwembamba, ubaki nyuma. Ukiukimbiza mbele, umeharibu mpango mzima.

Wapanda farasi waanze. Wa Sparta wapewe nguvu ndogo, na wakishindwa warudi kuvuruga safu zao wenyewe, kama ilivyotokea. Kikosi Kitakatifu cha Thebes, cha watu 300, chini ya Pelopidas, kipate shambulio moja la ghafla.

Mfalme Cleombrotus wa Sparta akiuawa, pima moyo wa jeshi lake kwa dadu.

Mchezaji wa Sparta atalalamika, na ana haki. Mpe ushindi wa alama akiokoa nusu ya raia kamili wa Sparta: kati ya 700 waliokuwepo, 400 hivi walikufa.