Besiboli ya Bologna na njia tatu za kupata neno

Katika makala haya ninachunguza jinsi lugha inavyoupokea mchezo wa kigeni. Mfano wangu ni Fortitudo, klabu ya besiboli ya mji wa Bologna, Italia, iliyoanzishwa mwaka 1953. Klabu hiyo ilitwaa ubingwa wa nchi mfululizo miaka ya 2018, 2019 na 2020. Mwaka 2019 ilinyakua pia kombe la klabu bingwa za Ulaya.

Mchezo wenyewe ulitoka Marekani. Anayefuatilia mechi kwa Kiitaliano hukutana na njia tatu. Kwanza ni tafsiri: anayerusha mpira huitwa *lanciatore*, "mrushaji", anayeudaka ni *ricevitore*, "mpokeaji". Pili ni uundaji: pigo linaloupeleka mpira nje ya uzio ni *fuoricampo*, kutokana na *fuori*, "nje", na *campo*, "uwanja". Tatu ni ukopaji: *strike*, *ball* na *out* yamebaki kama yalivyo. Naona haya ni maneno mafupi ya mwamuzi, yanayotamkwa kwa haraka na kwa sauti. Labda ndiyo sababu hayakuhitaji kubadilishwa.

Kiswahili nacho kina njia hizo zote. "Mpira wa kikapu" tuliunda, "penalti" tulikopa, na "mlinda mlango" huishi pamoja na "golikipa" bila ugomvi. Kwa hiyo, mwalimu anayefuta kila neno la mkopo katika insha ya mwanafunzi humnyima njia moja kati ya tatu.