SOMO LA WIKI: Kiunganishi, kipande kidogo chenye uzito mkubwa sokoni

Mwenye hisa za makampuni ya dawa ya Marekani hukutana mara kwa mara na habari za PROTAC, yaani dawa zinazovunja protini. Makampuni hutangaza sana ugonjwa unaolengwa. Kiunganishi, kipande cha katikati ya molekuli, hutajwa kidogo, ingawa ndicho kinachoamua kama molekuli itakuwa dawa au itabaki maabara.

Jinsi inavyofanya kazi

Dawa nyingi za kawaida huziba protini ya ugonjwa. PROTAC huiondoa. Kichwa kimoja cha molekuli hushika protini hiyo; cha pili hushika ligasi ya E3, kimeng'enya kinachotia alama protini za kutupwa. Kiunganishi hufunga vichwa hivyo viwili. Protini ikishatiwa alama, seli yenyewe huikatakata, na molekuli ya dawa huendelea na nyingine. Wazo hili lilichapishwa mwaka 2001 na Craig Crews wa Yale, Raymond Deshaies wa Caltech na wenzao.

Urefu na ugumu

Kiunganishi kikiwa kifupi mno, protini mbili hugongana. Kikiwa kirefu mno, hulegea na alama haikai vizuri. Watafiti wengi walianza na minyororo laini ya polietilini glikoli, ambayo hununuliwa ikiwa tayari kwa urefu mbalimbali. Ni rahisi kwa majaribio, lakini huongeza uzito na huweza kuvunjwa mwilini mapema.

Uzito una maana kibiashara. Kwa kawaida dawa ya kumeza hutarajiwa isizidi uzito wa molekuli 500, na PROTAC nyingi hupita 700. Ndiyo sababu wakemia wamehamia kwenye viunganishi vigumu vyenye pete za piperidini na piperazini. Vepdegestrant, dawa ya saratani ya matiti ya kampuni ya Arvinas, ina kiunganishi cha namna hiyo. Uzito wake ni karibu 724, nayo humezwa.

Fedha iliyofuata

Arvinas iliingia soko la Nasdaq Septemba 2018 kwa dola 16 kwa hisa. Julai 2021 Pfizer iliahidi malipo ya awali ya dola milioni 650 kwa dawa hiyo, pamoja na kununua hisa za dola milioni 350. Machi 2025 matokeo ya majaribio ya awamu ya tatu yalitoka. Kwa wagonjwa wenye badiliko la jeni ya ESR1, ugonjwa ulizuiwa kwa miezi 5.0, dhidi ya 2.1 kwa sindano ya fulvestrant. Kwa wagonjwa wote kwa jumla, tofauti haikutosha kitakwimu. Siku hiyo bei ya hisa iliporomoka kwa zaidi ya nusu.

Fundisho

Kiunganishi kizuri huifikisha molekuli kwenye majaribio; hakimhakikishii mtu faida. Kabla ya kununua, mwekezaji aulize mambo matatu: je, dawa inamezwa? Je, dozi kubwa haipunguzi nguvu, kwani molekuli zikizidi kila kichwa hushika protini yake peke yake na daraja halifungiki? Je, matokeo mazuri ni ya wagonjwa wote au ya kundi moja tu? Asiyepata majibu asiweke humo fedha ya ada za watoto.