Saini Kwenye Yoyo Ina Thamani Gani?

Swali: Nina yoyo ya mbao aina ya No Jive yenye saini ya Tom Kuhn. Mwenzangu mmoja asema saini imepandisha bei, mwingine asema imeichafua. Nimsikilize nani?

Jibu: Wote wako sahihi, kwa kuwa kila mmoja anatazama kwa jicho la mnunuzi tofauti. Kuhn, daktari wa meno wa San Francisco, aliunda yoyo inayofunguka na kupangwa upya. Anayeijua historia hiyo ataithamini saini yake; asiyeijua ataona wino tu. Na anayetaka yoyo ya kuchezea hataiongezea hata senti, maana jasho la kiganja hufuta maandishi.

Jina likivuka mipaka ya wapenzi wa yoyo, hesabu hubadilika. Mwaka 1974, Rais Richard Nixon alicheza yoyo na mwanamuziki Roy Acuff jukwaani Grand Ole Opry, Nashville. Yoyo aliyoisaini Nixon baadaye iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola 16,000. Kilicholipiwa hapo ni urais na tukio lenyewe; ufundi wa kuzungusha haukuhusika.

Kwa hiyo, andika leo saini ilipatikana wapi, lini na mbele ya nani, uambatanishe picha kama ipo. Bila ushahidi, mnunuzi makini atalipa bei ya yoyo isiyosainiwa. Lakini kama ilisainiwa ana kwa ana na mtu unayemheshimu, usiiuze kwa bei ya mtu asiyemjua.