Somo la Pwani kwa Watoto wa Gitaza



Vitabu vingi vya Kiswahili vya shule ya msingi vimetungwa na watu wa nchi zenye bahari. Kwa hiyo mwalimu wa Gitaza anapofungua ukurasa wa somo la pwani hukuta jahazi, minazi, pweza, na maneno kama "maji yamejaa" na "maji yamepwa". Watoto waliokaa mbele yake hawajaiona bahari, nayo iko zaidi ya kilometa elfu moja kutoka walipo. Lakini ziwa wanaliona kila siku. Barabara itokayo Bujumbura kwenda Rumonge imebanwa hapo kati ya mlima na maji, na mtoto akimaliza masomo huteremka kidogo tu akawa mwaloni.

Somo letu la safari hii linahusu jambo hilo: namna ya kufundisha habari za pwani na viumbe vya bahari kwa mtoto wa mwambao wa Tanganyika, bila kumwambia kwamba ziwa ni bahari, na bila kumfanya adhani kuwa elimu ni habari za mahali pengine siku zote. Tumelikusudia zaidi kwa darasa la tano na la sita, ila mwenzetu wa madarasa ya chini anaweza kuchukua kipande kinachomfaa.

Tuanze na neno lenyewe. Pwani ni mahali maji yanapopwa. Baharini maji hujaa na kupwa, aghalabu mara mbili kwa siku, kwa sababu mwezi na jua huyavuta. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua, maji yakajaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu. Mkaazi wa Pemba au Lamu huzipanga siku zake kwa kufuata mwendo huo, akijua lini atatembea juu ya miamba kutafuta pweza na lini chombo chake kitaelea. Ziwa Tanganyika, pamoja na ukubwa wake wote, halina kupwa na kujaa kunakoonekana kwa macho. Kwa haki ya lugha, basi, Gitaza haina pwani. Ina ufuko, ina mwambao, ina mwalo. Mwalimu asione haya kuwaeleza watoto hivyo, kwani ndipo watakapoelewa kwa nini kitabu kinasema "maji yamepwa" na wao hawajapata kuona jambo hilo.

Hapo yafaa mwalimu aulize: je, mwezi hauna kazi katika ziwa letu? Watoto wa wavuvi watacheka, kwa maana jibu wanalo tangu wakiwa mgongoni. Mwezi wa bahari hutawala kwa kuvuta maji, na mwezi wa ziwa hutawala kwa mwanga wake. Ndagala, ambao ng'ambo ya Kigoma huitwa dagaa, huvuliwa usiku kwa taa. Mitumbwi miwili au mitatu hufungwa pamoja kwa miti, wavu ukashushwa katikati, taa zikawashwa juu yake. Samaki wakikusanyika penye mwanga, wavu huinuliwa. Vyombo vikubwa vya namna hiyo wavuvi wa Burundi waliviita apollo, jina lile lile la vyombo vya Wamarekani vilivyokwenda mwezini. Zamani ulitumika moto wa kuni, zikaja karabai za mafuta ya taa, na siku hizi taa za betri ni nyingi. Taa iwe ya namna gani, usiku wa mbalamwezi haina nguvu, kwa sababu mwanga umeenea juu ya maji yote na samaki hawana haja ya kufuata taa ya mtu. Siku hizo wavuvi hupumzika na kushona nyavu.

Basi kila mwanafunzi na achore mwezi katika daftari kwa siku thelathini, na kila asubuhi aandike kama vyombo vilikwenda na kama beseni zilirudi zimejaa. Kazi hii haitaki fedha. Ndani yake mna sayansi, mna hesabu, na mna Kiswahili cha kweli: mwandamo, mpevu, giza, chanja, wavu, tanga, kafi.

Tunawaomba walimu wafanye na jambo la pili, ambalo si la wanafunzi. Waiweke kalenda hiyo kando ya daftari la mahudhurio. Kila aliyefundisha kwenye mwambao huu anajua kwamba siku za giza madawati hupungua watu. Wavulana wako kwenye nyavu, wasichana wanabeba beseni na kugeuza ndagala juani. Sisi huandika "hayupo" tukaendelea na somo. Hatusemi kwamba kalenda itamrudisha mtoto darasani, maana nyumba yao inakula kutokana na beseni hilo. Lakini mwalimu anayejua mapema siku za upungufu anaweza kuliweka somo gumu la hesabu katika juma la mbalamwezi, na akienda kuzungumza na wazazi atakwenda na karatasi yenye tarehe. Mzazi mvuvi huiheshimu karatasi ya namna hiyo, kwa sababu inasema kitu anachokijua.

Sasa tuje kwenye viumbe. Hapa ziwa letu lina ajabu ambayo wataalamu waliihangaikia kwa miaka mingi. Mwaka 1883 Mjerumani Richard Böhm aliona katika Tanganyika mnyama mlaini kama ute, duara, mdogo kama sarafu, anayeelea kwa kujikunja na kujikunjua. Huyo ni ndugu wa konyeza wa baharini, tena hamdhuru mtu. Kadhalika walionekana konokono wenye magamba mazito, mengine yenye miiba, mfano wa yale yanayookotwa bahari ya Hindi. Wako pia kaa, na ndagala mwenyewe ni wa jamii moja na dagaa wa baharini. Mwingereza J. E. S. Moore alikuja mwaka 1896, akarudi mwaka 1899, akaamini kwamba ziwa hili zamani lilikuwa mkono wa bahari.

Leo twajua sivyo. Ziwa lilizaliwa pale nchi ilipopasuka na kudidimia katika Bonde la Ufa, yapata miaka milioni 9 hadi 12 iliyopita. Konokono walipata magamba mazito humuhumu ziwani, kizazi baada ya kizazi, kwa sababu walikuwapo kaa wenye magando ya kuwavunja. Mwalimu akiwapa watoto gamba tupu na kuwauliza limekuwa nene kwa nini, awaache wabishane kwanza. Jibu la Moore si la kuchekwa, kwani lilikuwa jibu la mtu aliyetazama vizuri akakosa habari moja.

Kuhusu chumvi, pana jambo la kuangalia. Vitabu husema "onja maji". Kwenye mwambao wetu, wenye historia ya kipindupindu, mtoto asionjeshwe maji ya ziwa kwa ajili ya somo lolote. Chukua vijiko viwili vya chuma, kimoja cha maji ya ziwa, kimoja cha maji uliyotia chumvi, uvichemshe juu ya makaa mpaka vikauke. Cha pili kitabaki na chumvi tele. Cha kwanza kitabaki na utando mweupe kidogo tu. 

Penye mawe ya ufukoni ndipo penye samaki wadogo wa rangi rangi, ambao mtoto wa Gitaza au Magara huwaruka tu akienda kuoga. Tangu miaka ya 1970 samaki hao wamekuwa wakisafirishwa kwa ndege kutoka Burundi kwenda Ulaya na Marekani, wakafugwa ndani ya masanduku ya kioo. Wengi wao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Wako mama wanaobeba mayai kinywani, na watoto wakishaanguliwa hukimbilia kinywani humo wakiona hatari. Iko pia aina moja, iliyopewa jina la Brichard, mfanya biashara wa samaki hao hapa Burundi, ambayo kaka na dada wakubwa hubaki nyumbani kuwalinda wadogo zao. Msichana anayekuja shule amechelewa kwa sababu alikuwa amembeba mdogo wake atalikumbuka somo hili.

Kina cha ziwa ndicho kinachotutia hofu sisi sote, na hapo mchanga wa uwanja wa shule unatosha. Mwambie kila mtoto ashike kwamba sentimeta moja ni kilometa moja. Urefu wa Tanganyika, kilometa 670 hivi, utakuwa mstari wa mita 6 na sentimeta 70. Upana wake ni kama sentimeta 50. Waulize basi kina kitakuwaje. Wengine wataanza kuchimba shimo la kuzika mbuzi! Kina kikubwa kabisa ni mita 1,470, yaani sentimeta moja na nusu: upana wa kidole. Hata hivyo ni ziwa la pili duniani kwa kina, baada ya Baikal la Urusi, na karibu lita moja katika kila sita za maji baridi yaliyo juu ya ardhi, ukiacha barafu, imo humo.

Swali lililo zito zaidi ni hili: katika kidole hicho, samaki wanaishi wapi? Hewa ya kupumua haifiki chini. Upande wetu wa kaskazini huishia kwenye mita mia moja hivi, na kusini kwenye mia mbili. Kwa kipimo chetu cha mchangani, mita mia moja ni milimeta moja. Ndagala wote, mukeke wote, sangala wote wa mwambao wa Burundi wanaishi katika tabaka nyembamba kama sarafu. Chini yake ni maji yasiyo na samaki, ingawa yana mbolea nyingi ya viumbe waliokufa na kuzama. Upepo wa kusi wa kiangazi, baina ya Mei na Septemba, husukuma maji ya juu kuja kaskazini, ziwa likainama na kuyumba, na mbolea hiyo ikapanda kulisha vijidudu wanaoliwa na ndagala. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba maji ya juu yamepata joto, na kwa hiyo huchanganyika na ya chini kwa shida kuliko zamani. Mvuvi anayelalamika kwamba nyavu zimekuwa nyepesi, tusimwambie haraka kwamba kosa lote ni lake, ingawa nyavu za matundu madogo nazo zina sehemu yao.

Kisha mkono wa mlima. Mwishoni mwa Machi 2015 mvua kubwa iliangusha mlima juu ya Gitaza na Muhuta. Mawe na tope vilizika nyumba, vikaikata barabara, na watu wengi wakabaki bila makazi. Watoto walio darasani leo wamelisikia jambo hilo nyumbani kwa watu waliolipitia, wala mwalimu asilitaje kwa haraka kama mfano wa kitabuni. Lakini asilifiche. Udongo ule uliishia ziwani. Wataalamu waliochunguza mwambao wa Burundi waliona kwamba pale tope linapofunika mawe, aina za viumbe hupungua, maana samaki wa mawe hukosa mahali pa kutagia na pa kujificha. Ardhi iliyomkosesha mtu shamba ndiyo hiyo hiyo iliyomkosesha samaki nyumba.

Sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 ilitenga mita 150 kutoka ukingo wa Tanganyika zisijengwe. Watoto na wahesabu hatua kutoka majini, waandike kinachosimama ndani ya mita hizo. Mwaka 2024 maji yalipopanda karibu na kiwango cha mwaka 1964, wakazi wa Rumonge waliona ni kwa nini mita hizo zilitengwa. Ikiwa darasa lao lenyewe limo ndani ya kipimo, nalo liandikwe.

Lakini kwenda ufukoni si mchezo, na hapa tunasema kama chama. Tangu ada ya shule ya msingi ilipofutwa mwaka 2005 madarasa yetu yamejaa, na walimu wengi hufundisha zamu mbili. Mwalimu mmoja hawezi kuwaangalia watoto sabini penye maji, penye barabara ya malori, na penye kiboko au mamba. Matawi yetu yadai mambo haya kwa wakuu wa shule: matembezi yahesabiwe kuwa saa za kazi, awepo mtu mzima wa pili kwa uchache, ikiwezekana mvuvi mzee wa mwalo huo, naye apewe shukrani yake, darasa ligawanywe makundi, na gharama isitoke katika mshahara wa mwalimu. Mahali ambapo hayo hayajakubaliwa, mwalimu asiende. Afanye kazi ya mwezi, ya vijiko na ya mchangani hapo hapo shuleni, na magamba aletewe na watoto wanaokaa karibu na maji.

Maswali ya kuzungumza darasani: Kwa nini mvuvi wa Lamu hufurahia mwezi mpevu na mvuvi wa Gitaza hushona nyavu? Maji ya mito yote iingiayo ziwani huenda wapi, ikiwa mto utokao ni mmoja tu, Lukuga? Mwaka 2024 Tanzania ilizuia uvuvi katika ziwa hili kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaane. Nyumbani kwenu mngekula nini katika miezi hiyo mitatu, na nani alipaswa kuulizwa kwanza?

Walimu watakaokamilisha kalenda ya mwezi pamoja na mahudhurio, tunawaomba watupelekee nakala kupitia tawi lao, bila majina ya watoto.