Kazi ya Mkono Wako Ni Bei Gani?

Katika kuzungukia vikundi vya Likoni, Kisauni na Changamwe tumekutana na jambo hili mara nyingi, na juzi limeleta ugomvi. Kwa hiyo tumeonelea tulifanye somo.

Katika kikundi kimoja cha akina mama huko Mtongwe yuko dada apendaye kufuma vitambaa vya viti. Alikuwa akifuma jioni kwa kujifurahisha tu. Jirani akaviona, akamwambia, "Nifumie na mimi seti, binti yangu aolewa." Wakapatana shilingi 2,000. Dada akafurahi mno, ati kumbe mchezo walipa!

Hebu tupige hesabu pamoja naye. Bei hizi ni za mfano, za kwenu mwazijua wenyewe. Seti ni vitambaa saba. Uzi ni mabonge sita kwa shilingi 250 kila moja, jumla 1,500. Kuvuka feri kwa miguu ni bure, lakini matatu ya kwenda na kurudi ilikula 100. Zimebaki 400. Kila kitambaa kilimchukua saa tano, basi vyote saba ni saa 35. Gawanya 400 kwa 35, utapata shilingi 11 na senti kidogo kwa saa. Tulipoiandika ubaoni watu walicheka, kisha wakanyamaza.

Aliyenyamaza zaidi ni mama mmoja aliyekaa nyuma. Yeye kufuma ndiko kunakomlipia kodi ya nyumba na karo ya watoto. Seti kama ile huiuza 3,500, na wateja wawili walikuwa wamekwisha kumwacha wakisema, "Mbona mwenzio afanya kwa elfu mbili?" Mama huyu si ghali. Amejiwekea shilingi 50 kwa saa, yaani 1,750. Ongeza uzi na nauli 1,600, yawa 3,350. Zile 150 zilizobaki ni za sindano, taa ya usiku na uzi unaoharibika. Dada yetu hakukusudia ubaya wowote, lakini kwa kutojihesabia jasho lake alikuwa akimnyang'anya mwenzake chakula bila kujua. Walikuwa hawasemezani kwa wiki tatu.

Basi afanyeje mtu aliyeanza kwa kupenda tu, na sasa watu wamtaka kazi? Kwanza atazame saa. Afume kitambaa kimoja, aandike alianza lini na kumaliza lini, maana wengi wetu twakisia, na twakisia pungufu. Asihesabu saa alizofumua kwa kukosea. Kujifunza ni gharama yake mwenyewe, si ya mteja. Halafu ataje bei kabla ya kushika sindano. Maneno ya "tutaelewana tu" ndiyo yaharibuyo ujirani.

Achukue arbuni, taslimu au kwa M-Pesa, na isipungue gharama ya uzi. Mteja akighairi, hasara isimwangukie mfumaji peke yake. Katika daftari aandike rangi, vipimo, siku ya kumaliza, bei na arbuni, na mteja aione. Akibadili rangi katikati ya kazi, bei nayo yazungumzwa upya.

Na jamaa je? Shangazi akija, huwezi kumwambia habari za saa! Sisi twaona hivi: ukitaka kumpa, mpe kama zawadi kamili, usimtoze kitu. Hata kitambaa cha altare, kama ni sadaka, kiwe sadaka. Ile nusu bei ya "mtu wetu" huenea mtaani, na kesho kila mtu ni mtu wetu.

Hapo Changamwe wako wachongaji wa ushirika wa Akamba, ulioanza mwaka 1963. Vinyago vyao huuzwa katika duka moja la ushirika, kwa hiyo si rahisi mnunuzi kuwagombanisha wachongaji chini ya mti. Vikundi vyetu havina duka kama lile, lakini vyaweza kupatana juu ya malipo ya chini kwa saa. Tumesema kwa saa, si kwa seti, kwa kuwa mikono haifanani.

Wale wawili wa Mtongwe wamekwisha kuketi pamoja. Seti ya jirani ilimalizwa kwa 2,000, kwa kuwa ahadi ni ahadi. Inayofuata itakuwa 3,500.

Maswali ya kuzungumza kikundini:

Ni nani kati yetu afanyaye kazi ya mkono kwa kupenda, na ni nani aitegemeaye? Wamewahi kuzungumza juu ya bei?

Kazi ya mwisho uliyouza ilikuchukua saa ngapi? Toa gharama, gawanya, utuambie wapata ngapi kwa saa.

Mkutano ujao kila mmoja alete kitu kimoja alichotengeneza, pamoja na karatasi ya saa zake.