Kulala Karibu na Sanduku

SOMO LA WIKI
Andiko la msingi: 1 Samweli 3:1-18. Soma pia 1:9-18, 2:12-17, 4:1-11 na 7:2-10.



Jumapili muda ulituishia tukiwa katikati ya sura ya 3, na wengi wenu mlinishika mlangoni mkitaka somo liandikwe lote. Basi kaa chini, fungua Biblia yako, na kama unayo ya karatasi chukua hiyo, maana ya kwenye simu hufunguka pamoja na mambo ya watu wengine. Tusome polepole.

Ni usiku, huko Shilo. Taa ya Mungu haijazimika. Mzee Eli amelala mahali pake, macho yake yameanza kufifia. Kijana Samweli naye amelala ndani ya hekalu, mle mle lilimo sanduku la agano. Hebu fikiria hapo. Katika Israeli yote ni vigumu kumpata mtu anayelala karibu na vitu vitakatifu kuliko huyu mtoto. Aliletwa huko mara tu alipoachishwa kunyonya. Anavaa naivera ya kitani kama watu wa ukuhani. Asubuhi ndiye hufungua milango ya nyumba ya Bwana. Kama kungekuwa na rejista ya mahudhurio, jina lake lingekuwa na alama kila siku, hata siku za mvua.

Halafu unafika mstari wa 7. Msomaji wa haraka huupita bila kuuona. Unasema kwamba wakati huo Samweli alikuwa bado hajamfahamu Bwana, wala neno la Bwana halijafunuliwa kwake. Kwani inawezekanaje? Si anaishi kwake? Si anakula kwake, analala kwake, anavaa nguo za kazi yake? Ndiyo. Na bado hajamfahamu.

Mungu anaita mara tatu, na mara tatu kijana anaruka kitandani na kumkimbilia Eli. Angalia vizuri: masikio yake hayakuwa na shida. Sauti aliisikia. Hakujua tu ni ya nani. Sauti aliyoizoea ilikuwa ya mzee.

Mpendwa, wengi wetu tuko hapo hapo. Sauti ya mchungaji tunaijua hata akikohoa. Akianza kuongea polepole tunajua ni wakati wa kusimama, na mpiga kinanda anajua ni wakati wa kuanza kugusa zile noti za maombi. Lakini Mungu mwenyewe akikugusa saa nane usiku juu ya ile pesa ya chama, unafanya nini? Asubuhi unamtafuta mtu: “Mchungaji, niombee, siku hizi sipati usingizi.” Tunakuombea, tunakemea roho ya kukosa usingizi, na kumbe aliyekuwa anakuita alikuwa Bwana. Hapo Eli ametushinda. Na macho yake yale mabovu, mara ya tatu alielewa, akamwambia kijana arudi akalale, na sauti ikija tena amjibu Mwenyewe. Kazi ya mtumishi wa Mungu ni hiyo: kukurudisha kitandani kwako ukaongee na aliyekuita.

Sasa rudi nyuma kidogo, sura ya 2 mstari wa 12. Hao ni Hofni na Finehasi, wana wa Eli. Makuhani kamili, wenye ukoo na cheo. Neno linalosemwa juu yao ni lile lile: hawakumfahamu Bwana. Lakini kuna tofauti ndogo ambayo mimi nimekaa nayo wiki nzima. Juu ya Samweli imeandikwa kwamba BADO hajamfahamu. Juu ya wale wawili hakuna “bado”. Samweli alikuwa hajaitwa akaitika. Wale walikuwa wamezoea.

Na mazoea yao yanaonekana jikoni. Watu walikuja na sadaka, nyama ikawekwa kwenye sufuria, na mtumishi wa kuhani akaja na uma wa meno matatu. Anaudumbukiza ndani, chochote kitakachotoka nao ni cha kuhani. Wakati mwingine hawakungoja hata mafuta yateketezwe kwanza kwa ajili ya Bwana. Walitaka nyama mbichi, na ukikataa inachukuliwa kwa nguvu. Mwisho wake watu wakaidharau sadaka ya Bwana. Ibada ilikuwa inaendelea kama kawaida, moshi unapanda, foleni iko. Lakini kwa hawa wawili Mungu alikuwa amegeuka kuwa sufuria.

Nikiwanyoshea kidole wana wa Eli peke yao nitakuwa muongo, kwa hivyo niseme langu. Miaka kadhaa iliyopita, kabla wengi wenu hamjajiunga nasi, mama mmoja aliahidi mchango wa ujenzi. Kabla hajamaliza kutoa akafiwa na mumewe. Matanga yalikuwa hayajaisha nilipomtuma mhasibu wetu akamkumbushe ahadi. Nilimtumia na andiko, lile la kutimiza nadhiri. Mama alilipa. Baadaye akahama, akarudi kwao mashambani, na sikuwahi kumsemesha tena. Wiki ile ile nilihubiri siku tatu mfululizo, watu wakaanguka, na hakuna kitu kilichonichoma moyoni. Mpendwa, unaweza kuwa unatembea na uma wa meno matatu na huku sauti imepasuka kwa mahubiri.

Ndiyo maana sikubali tukisoma habari hizi tukidhani zinahusu makanisa ya wenzetu. Sisi wapentekoste tunapenda kusema kwamba dini ni ya wale wa vitabu vya sala na mishumaa. Na sisi? Sisi tuna utaratibu wetu, ila haujaandikwa. Tunajua dakika ya kuinua mikono. Tunajua nyimbo za kasi zinaisha lini na za kuabudu zinaanza lini. Tuna kesha la Ijumaa, mafungo ya Januari, mafuta ya upako, chupa za maji. “Bwana asifiwe” tunaitikia hata tukiwa tunaangalia saa. Mtu anaweza kukua ndani ya haya, akaoana ndani yake, akazikwa nayo, na asiwahi kuongea na Mungu hata mara moja.

Kama unaona nazidisha, soma sura ya 4. Israeli wamepigana na Wafilisti, wamepoteza kama watu 4,000. Wazee wanakaa kikao. Swali lao la kwanza lilikuwa zuri: mbona Bwana ametuacha tupigwe leo? Lakini hawakungoja jibu. Hakuna mahali tunaambiwa walimuuliza Bwana mwenyewe. Wakaruka moja kwa moja hadi kwenye suluhisho: tulete sanduku kutoka Shilo, litatuokoa. LITAtuokoa. Likaletwa, na waliolisindikiza ni nani? Hofni na Finehasi.

Sanduku lilipoingia kambini Israeli yote ikapiga kelele mpaka ardhi ikavuma. Hiyo ni sifa ya nguvu! Kwa vipimo vyetu hiyo ni ibada iliyojaa upako. Hata Wafilisti walisikia wakaogopa, wakasema mungu ameingia kambini. Kisha vita vikaanza, na waliokufa upande wa Israeli walikuwa 30,000. Kwenye vita vya kwanza, bila sanduku na bila kelele, walikuwa wamekufa 4,000. Makuhani wote wawili wakauawa. Sanduku lenyewe likatekwa. Eli, mzee wa miaka 98, akapata habari akaanguka kutoka kwenye kiti chake akavunjika shingo.

Sasa linganisha kelele ile na sura ya 1. Mwanamke anayeitwa Hana amesimama katika nyumba hiyo hiyo ya Bwana. Amedhihakiwa mwaka baada ya mwaka kwa sababu hana mtoto. Hata chakula hakipiti. Anaomba moyoni, midomo inacheza, sauti haitoki. Kuhani aliyekaa mlangoni anamtazama na kuamua kwamba amelewa. Yaani kazi ya mzee ni maombi, na maombi yalipopita mbele yake hakuyatambua. Lakini Mungu aliyasikia. Ile ya kutikisa ardhi haikumsogeza. Hii isiyo na sauti ilimzaa Samweli.

Mtoto wangu wa mwisho aliwahi kuniuliza tukiwa tunatoka kanisani: “Baba, kwani Mungu hakusikii bila maiki?” Nilicheka. Nilipofika nyumbani sikucheka tena, kwa sababu nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho kuomba peke yangu, mlango ukiwa umefungwa, bila kutayarisha mahubiri. Sikuikumbuka.

Sisemi tunyamaze. Mimi napenda sifa, na Jumapili nitapiga makofi kama wewe. Wala simpi mtu ruhusa ya kusema “mimi nina uhusiano wangu na Mungu, kanisa siendi.” Hana aliomba maombi yale akiwa kwenye safari ya kila mwaka, ile ile ambayo Elkana alikuwa akiishika kwa uaminifu pamoja na jamaa yake. Na Samweli, baada ya Mungu kusema naye usiku, asubuhi alifanya nini? Mstari wa 15: alifungua milango ya nyumba ya Bwana. Kazi ni ile ile ya jana. Ila sasa anamjua mwenye nyumba.

Kitu kingine tusikipite. Neno la kwanza kabisa ambalo Samweli aliambiwa halikuwa tamu. Halikuwa gari, wala visa, wala kupandishwa cheo. Lilikuwa hukumu juu ya nyumba ya mzee aliyemlea. Alikaa nalo mpaka asubuhi akiogopa kulisema, na Eli alipombana akasema lote, hakuficha kitu. Hapo utajua kama unaongea na Mungu au unaongea na nafsi yako. Kama “Mungu” wako kwa miaka 10 hajawahi kukuambia jambo ambalo hukutaka kusikia, hajawahi kukutuma kwa mtu uliyemkosea, hajawahi kukataza dili hata moja, basi chunguza. Mtu wa kweli hukupinga wakati mwingine. Hata mke wangu, na tunapendana.

Wazee wa Uamsho wa Afrika Mashariki walilijua jambo hili. Uamsho ule ulishika moto Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapita Uganda, na kabla ya miaka hiyo kuisha ukawa umeingia Kenya. Waliovunjika si watu ambao hawakujua kanisa. Wengi walikuwa wamebatizwa zamani, wengine walikuwa walimu na viongozi. Walipokutana na Yesu kwa kweli, watu walitubu dhambi kwa kuzitaja, si kwa jumla. Walirudisha vitu walivyoiba. Walienda kwa waliowachukia wakapatana. Majirani wasiojali mambo ya dini waliona kuna kitu, kwa sababu vitu vyao vilivyopotea vilikuwa vinarudi.

Turudi kwa Samweli tumalize. Sura ya 7 imepita miaka 20. Samweli amekuwa mtu mzima, na anawaita Israeli warudi kwa Bwana kwa moyo wote na waondoe miungu mingine waliyokuwa nayo nyumbani. Wanakusanyika Mispa. Wanafunga, wanateka maji na kuyamimina mbele za Bwana, wanasema wazi kwamba wametenda dhambi. Wafilisti wanakuja juu yao wakati huo huo. Sasa tafuta sanduku liko wapi. Liko Kiriath-yearimu, nyumbani kwa mtu. Hakuna aliyelileta Mispa. Hakuna anayepiga kelele pia. Watu wanaogopa, wanamwomba Samweli asiache kulia kwa Bwana kwa ajili yao. Siku hiyo aliyepiga kelele ni Bwana mwenyewe, kwa ngurumo, na Wafilisti wakafadhaika.

Ushirika wa nyumbani wiki hii utaanza na sura hiyo ya 7. Njoo umeisoma. Na kabla ya Alhamisi chagua usiku mmoja, zima simu, funga mlango. Usianze na sauti ya kesha. Usiombee taifa usiku huo. Mwambie Bwana kwamba unasikiliza, kisha unyamaze kweli, hata kama dakika tano za kwanza akili itakupeleka sokoni na kukurudisha. Likikujia jina la mtu, usilikemee. Huenda ni lile unaloitiwa.

Mimi jina langu nimeshapewa. Namba ya yule mama bado ninayo, na nimeitazama mara nyingi bila kubonyeza. Jumanne asubuhi, kabla sijafungua ofisi ya kanisa, nitampigia. Mniombee.