Kuogelea mtindo wa chura: somo kwa wanaoanza

Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Victoria kikiwa kimekaribia gati la kisiwa cha Ukara. Watu zaidi ya 220 walikufa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu 300,000 walikufa maji duniani kote. Kujua kuogelea hakuchukui nafasi ya jaketi okozi, wala hakuhalalishi kujaza chombo kupita kiasi. Lakini anayejua kuogelea anaweza kupata dakika chache za kuokolewa.

Mtindo wa chura unamfaa anayeanza kwa sababu kichwa hutoka majini kila pigo, na kila pigo lina nafasi ya kupumzika.

Kabla ya kuingia majini
■ Chagua mahali pasipo na mkondo, ambapo maji hayapiti kifua.
■ Waulize wenyeji kuhusu mamba. Epuka maji yaliyotuama yenye majani na konokono, kwa sababu ya kichocho.
■ Usiogelee peke yako. Mtu mzima mmoja asimame ukingoni, kazi yake iwe kuangalia tu.
■ Awe na dumu tupu lenye kifuniko, lililofungwa kamba. Mtu akizidiwa, mrushie dumu. Usimfuate majini.

Hatua za kujifunza
1. Pumzi. Simama, ingiza uso majini, toa pumzi polepole kwa pua na mdomo. Inua kichwa, vuta pumzi. Rudia mara 10.
2. Kuteleza. Elekea ufukweni, penye kina kidogo. Nyoosha mikono mbele, ingiza uso majini, jisukume kwa miguu, kisha tulia. Utaona kwamba maji yanakubeba.
3. Miguu. Anza nchi kavu, ukilala kifudifudi. Kunja magoti, leta visigino karibu na makalio, geuza vidole vya miguu nje. Sukuma kwa kuzungusha hadi miguu ikutane. Kisha fanya hivyo majini ukishika dumu.
4. Mikono. Ianze ikiwa imenyooka mbele. Ifungue kupita mabega kidogo, ikusanye chini ya kidevu, inyooshe tena. Usiivute hadi kiunoni.
5. Kuunganisha. Vuta mikono, inua kichwa upumue, nyoosha mikono, piga miguu, teleza.

Kosa la kawaida
Wengi huvuta mikono na kupiga miguu kwa wakati mmoja, tena kwa haraka. Huchoka upesi na hawasogei. Hawajakosa nguvu, wamekosa kupumzika. Baada ya kila pigo la miguu, baki umenyooka na uhesabu moja, mbili, ndipo uvute tena. Ukishaweza kutulia majini, hofu nayo hupungua.

Usiongeze kina mpaka uweze kurudia mapigo 10 bila kusimama.

Maswali ya kujadili
■ Katika kijiji chetu, nani huenda majini kila siku bila kujua kuogelea?
■ Je, wasichana na wanawake wanapata nafasi ya kujifunza, na mwalimu na mavazi yanayowafaa?
■ Nani anaweza kutufundisha, na mahali gani ni salama?